Pembe Zilizolika

Agosti 2022 kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps ya Brooklyn mwaka 1952, iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola milioni 12.6. Habari ile ilizunguka dunia, na wengi walioisikia walihitimisha kwamba kukusanya kadi kongwe za besiboli ni shughuli ya matajiri. Anayeishi kwa mshahara hana lake humo. Mimi nimezikusanya kwa miaka mingi kwa fedha inayosalia baada ya kodi ya nyumba na karo za watoto, na uzoefu umenipeleka upande wa pili kabisa. Naamini kwamba mfuko mdogo humfikisha mkusanyaji mahali ambapo kadi hizi zina maana kubwa zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya kile tajiri anacholipia mamilioni si kadi yenyewe. Hilo silisemi ili kujifariji. Ushahidi upo.

Tuanze na kadi hiyohiyo ya Mantle. Wengi hudhani bei yake imetokana na uadimu. Mwaka ule Topps ilitoa kadi 407 kwa mafungu, na fungu la mwisho, kuanzia namba 311, liliingia madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wakiwa wamekwisha hamishia mawazo kwenye futiboli ya Kimarekani. Maboksi mengi yalidoda. Yalikaa ghalani hadi mwaka 1960, ndipo Sy Berger, mtu aliyezibuni kadi zenyewe, alipoyapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo fungu lile kweli ni gumu kupatikana. Lakini namba 311, ambayo ndiyo Mantle, ilichapwa mara mbili katika kila karatasi kubwa ya kiwandani, pamoja na namba 312 ya Jackie Robinson na 313 ya Bobby Thomson. Maana yake ni kwamba wachezaji wengi wa fungu lile, ambao leo majina yao hayamwambii mtu chochote, ni adimu kuliko Mantle. Kilicholeta milioni 12.6 ni jina, kisha daraja: kadi ile ilipewa alama 9.5 kati ya 10. Kadi ya Mantle ya mwaka uleule iliyokunjika katikati na kupoteza pembe huuzwa chini ya asilimia moja ya bei hiyo. Bado ni fedha nyingi kwa mtu wa mshahara, nami siitamani. Ila hesabu inasema jambo: wino ni uleule, karatasi ni ileile, maelezo ya mgongoni ni yaleyale, na zaidi ya senti tisini na tisa za kila dola zimelipwa kwa sababu hakuna mtoto aliyeichezea.

Mfumo wa alama hizo si wa zamani sana. Kampuni kubwa ya kupanga madaraja, PSA, ilianza kazi mwaka 1991. Wataalamu wake huangalia pembe, kingo, uso wa kadi na kama picha imekaa sawa katikati ya fremu, kisha kadi hufungiwa ndani ya plastiki ngumu pamoja na alama yake, kuanzia 1 hadi 10. Kila hatua kuelekea juu huzidisha bei, na hatua za mwisho huizidisha kupita kiasi. Wanaokaa juu ya ngazi hiyo hawahitaji ushauri wangu. Chini yake hali ni tofauti kabisa. Kadi ya Topps ya miaka ya 1960 ya mchezaji wa kawaida, yenye pembe zilizolika, hupatikana kwa dola moja au mbili. Kadi za kampuni ya Goudey ya Boston za mwaka 1933, zilizouzwa pamoja na bazoka, na hata zile ndogo za T206 zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, hupatikana kwa makumi ya dola zikiwa na mikunjo. Fikiria hilo kwa makini. Kwa fedha ya jozi ya viatu vya kawaida, mtu anashika picha ya rangi iliyochapwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kusambazwa na American Tobacco, kampuni ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru ivunjwe mwaka 1911 kwa sababu ya ukiritimba. Ni vitu vichache mno vya umri huo ambavyo mtu asiye na fedha anaweza kuvimiliki kihalali na kuviweka mezani kwake.

Ningesema zaidi: uchakavu wenyewe ni maandishi. Watoto wa Marekani walizifunga kadi kwa mipira ya kufungia, ndiyo maana nyingi zina mfinyo pande zote mbili. Walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio. Walizirusha ukutani kwa mashindano, na aliyeshinda alizoa za wenzake. Zaidi ya yote walizisoma. Mchezaji alipouzwa kwa timu nyingine, mtoto alichukua kalamu, akakata jina la timu ya zamani na kuandika jipya juu yake. Zipo pia kadi za orodha, ambazo Topps ilizitoa ili mtoto aweke alama kwenye kila namba aliyokwisha kuipata. Zilizojazwa alama huuzwa kwa bei ya chini kabisa kwa kuwa soko linazihesabu kuwa zimeharibiwa. Mimi nazihesabu kuwa zimetumika kwa kazi iliyokusudiwa. Kadi safi yenye alama 10 hutueleza mashine ya kiwandani ilifanya nini siku moja. Iliyoandikwa kwa kalamu hutueleza mtu fulani alijali nini, na wapi alilazimika kukubali kwamba mchezaji wake kaondoka.

Halafu kuna wachezaji wenyewe. Mfuko mdogo humzuia mtu kuwakimbilia Mantle na Babe Ruth, humsukuma kwenye kadi za akina yakhe, na huko ndiko historia ya mchezo huu ilikolala. Chukua Pumpsie Green. Mwaka 1959 aliichezea Boston Red Sox, na kwa hatua hiyo timu ya mwisho ya ligi kuu iliyokuwa haijawahi kumchezesha mtu mweusi ikafungua mlango, miaka kumi na miwili baada ya Jackie Robinson kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Kadi ya Green ya Topps ya mwaka 1960 haina bei ya kutisha, kwa kuwa hakuwa mpigaji wa ajabu. Chukua Curt Flood. Mwaka 1969 klabu yake ya St. Louis ilimuuza Philadelphia bila ridhaa yake, akakataa kwenda, akafungua kesi akipinga kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu moja maisha yake yote. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimkatalia kwa kura tano dhidi ya tatu. Kadi yake ya 1971 inamwonyesha akiwa na Washington Senators, timu aliyoichezea michezo kumi na mitatu tu kabla ya kuondoka kwa uchovu wa vita hivyo. Kuna vitabu vilivyoandikwa juu ya kesi ile. Kadi hiyo ni kipande chake cha karatasi kinachoweza kupatikana kwa nauli ya basi.

Hata nyota wakubwa, ukiwachukua wakiwa wamekunjika, hufundisha jambo ambalo bei hailioni. Roberto Clemente wa Puerto Rico aliandikwa kwa jina lake katika kadi zake za kwanza za Topps, kisha kuanzia 1957 hadi 1969 kampuni ikamwita Bob, ingawa mwenyewe alitaka aitwe Roberto. Ukizipanga kadi zake kwa miaka, unaona kwa macho jinsi mtu alivyonyimwa jina lake kwa zaidi ya muongo mmoja na kisha kurudishiwa, muda mfupi kabla hajafa katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972, akipeleka misaada kwa waliokumbwa na tetemeko Nicaragua. Mpangilio huo hauhitaji hata kadi moja safi. Na wote hao, wakubwa kwa wadogo, walilipwa na Topps dola 125 kwa mwaka kwa haki ya kutumia picha zao, mpaka chama cha wachezaji chini ya Marvin Miller kilipoibana kampuni mwaka 1968, malipo yakapanda hadi 250 na wachezaji wakaanza kupata sehemu ya mauzo. Kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu mwaka 1967 kilikuwa dola 6,000, na wengi walitafuta vibarua msimu wa baridi. Anayekusanya kwa mshahara anawakusanya watu wa mshahara. Undugu huo ninauthamini.

Shahidi wangu mkuu, hata hivyo, ni Jefferson Burdick wa Syracuse, jimbo la New York. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, akiunganisha vifaa vya umeme, na baridi yabisi ilimtesa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Hakuwa na mali. Lakini ndiye aliyeanza kuchapisha orodha ya kadi za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, akizipanga kwa herufi na namba. T206, jina ambalo leo hutamkwa kwenye minada ya mamilioni, linatoka kwenye orodha yake, ambapo T ni kadi za tumbaku za karne ya ishirini. Alikusanya zaidi ya vitu 300,000, yaani kadi za biashara, za posta, lebo na nembo, na humo kadi za besiboli zinapita 30,000. Vyote alivitoa bure kwa Metropolitan Museum of Art ya New York, kisha akahamia jijini ili avipange mwenyewe, akivibandika kwenye albamu kwa vidole vilivyopinda, mpaka Januari 1963 alipomaliza. Alifariki miezi miwili baadaye. Honus Wagner wa T206, kadi inayosifiwa kuliko zote, yumo ndani ya mkusanyo huo. Soko litakwambia kwamba gundi ya Burdick iliharibu thamani ya maelfu ya kadi. Nami nasema kwamba bila yeye soko lisingejua hata jina la kile linachokiuza. Maarifa ya fani hii yamejengwa na mtu aliyekuwa na subira nyingi na fedha kidogo, na hilo si sadfa: asiyeweza kununua kila kitu hulazimika kujua kitu ni nini kabla hajakinunua.

Najua pingamizi la kwanza. Watu wa hesabu husema kadi iliyochakaa haipandi bei kama ile safi, kwa hiyo maskini anapoteza hata kile kidogo alicho nacho. Ni kweli kwamba kadi safi za nyota zimepanda kwa kasi zaidi katika miongo hii. Lakini anayetoa hoja hiyo aangalie yaliyowapata walioingia kwa ajili ya faida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wengi walisikia kwamba kadi ni akiba ya uzeeni, wakanunua maboksi na kuyahifadhi bila hata kuyafungua. Viwanda navyo vilisikia, vikachapa bila kikomo. Leo kadi nyingi za miaka ile, zikiwa safi kama siku zilipotoka kiwandani, haziuziki hata kwa gharama ya kuzituma kwa posta. Wakati wa janga la korona bei zilipaa tena, PSA ikazidiwa na maombi hadi ikasimamisha huduma zake nyingi Machi 2021, na baada ya hapo waliochelewa kuingia waliona kadi nyingi zikishuka. Anayenunua kadi ya dola mbili ili aisome hana cha kupoteza katika misukosuko hiyo. Fedha ya karo haipaswi kuwekwa kwenye kadi, ya daraja lolote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na wakusanyaji wazuri hulitoa: badala ya kununua kadi mia za akina yakhe, weka akiba ununue moja nzuri. Kwa mtu anayempenda mchezaji mmoja tangu utotoni, nakubali, afanye hivyo. Kwa wengine nina shaka, kwa sababu ya namna ujuzi unavyopatikana. Unene wa karatasi ya 1952, weusi wa kingo za 1971 unaokwanguka kwa kuguswa tu, tofauti ya mgongo wa Piedmont na wa Sweet Caporal katika T206: haya huingia mikononi kwa kushika kadi nyingi, na kadi nyingi hushikwa na yule anayenunua za bei ya chini. Aliyeweka akiba miaka mitatu akanunua moja, mara nyingi ananunua kile kilichoandikwa kwenye lebo ya plastiki. Na lebo inaweza kudanganya. Kadi ya Wagner aliyoinunua Wayne Gretzky, mcheza hoki, pamoja na mwenzake mwaka 1991 kwa dola 451,000 ilipewa na PSA alama 8, ikaja kuuzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyekuwa ameimiliki awali, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane safi zaidi. Kadi iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa imepitiwa na mkasi. Hakuna mwenye haja ya kughushi mkunjo kwenye kadi ya dola mbili. Mnunuzi wa hali ya chini analindwa na uchakavu wenyewe.

Wengine huuliza mbona basi tusinunue nakala mpya. Topps yenyewe ilizichapa upya kadi za 1952 mwaka 1983, na picha zote ziko kwenye intaneti. Kama hoja yangu ingekuwa habari tu, wangenishinda. Lakini nimesema thamani iko katika kile kadi ilichopitia, na nakala haijapitia kitu. Tofauti hiyo hupimika. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1940 zina kemikali za kung'arisha weupe, hivyo hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. T206 ya kweli hubaki kimya. Chini ya kioo cha kukuzia, herufi za kadi halisi kwa kawaida huwa ni wino uliojaa, wakati nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha huonyesha vitone hata ndani ya herufi. Vifaa hivyo viwili ni vya bei ndogo, na ni vya kununuliwa kabla ya kadi ya kwanza ya kale.

Kuna jambo moja ambalo fedha haiwezi kulitengeneza, kubwa wala ndogo. Kadi za T206 zina picha zaidi ya mia tano, Goudey ya 1933 ina kadi 240, na katika zote hizo hutaona Mmarekani mweusi, kwa kuwa ligi kuu iliwafungia mlango mpaka 1947. Kuna wanaosema kwamba kuzikusanya ni kuusherehekea ubaguzi huo. Sikubaliani, lakini nadhani pingamizi hilo linastahili jibu la vitendo. Albamu iliyopangwa kwa miaka, bila kuruka, huonyesha ukuta huo waziwazi kuliko maelezo mengi, na inaonyesha pia pale ulipopasuka. Satchel Paige aliingia ligi kuu mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 42, baada ya kutumia nguvu zake zote za ujana katika ligi za weusi. Topps ilipomtoa mwaka 1953 ilikosea hata tahajia ya jina lake. Kadi za Paige si za dola mbili. Kwa mkusanyaji wa mshahara yeye ndiye wa kuwekewa akiba, akiwa na mikunjo yake, kabla ya Mantle wa aina yoyote.

Kwa anayeanza, mipaka ndiyo uhuru: timu moja, au mwaka mmoja, au kadi moja tu kwa kila mwaka kuanzia 1980 kurudi nyuma. Asijifunge kiapo cha kukamilisha seti. Goudey ilijua udhaifu huo mapema; mwaka 1933 haikuichapa kabisa namba 106, watoto wakaendelea kununua bazoka wakiitafuta, na waliolalamika kwa barua ndio waliotumiwa kadi ya Nap Lajoie mwaka uliofuata. Dola 100 za kwanza ningezigawa hivi: kioo na taa, karatasi za kuhifadhia zisizo na PVC, maana plastiki ile hulainika na kung'ang'ania wino, kadi ya Flood ya 1971, Green wa 1960, orodha yoyote iliyojazwa alama za kalamu, na kinachobaki, T206 moja ya mtu asiyejulikana, ichaguliwe kwa uso wake wala si kwa pembe zake. Kwenye joto na unyevu, zikae kabatini mbali na ukuta wa nje, zisimame wima bila kubanwa, na kila mwaka kabla ya masika zitolewe zikaguliwe moja moja.